Salamu za Yeslam wa Halua

"Mzee Yeslam, hii mbona unaiposti kila wiki?"

Nyambura alisimama mlangoni mwa jiko na simu mkononi, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu ndani mlikuwa na joto la kumtoa mtu jasho hadi kwenye kope. Yeslam hakugeuka. Halua ilikuwa imefika pale pabaya, wanga umeanza kushikana na sukari, na mtu akifika pale hauachi mwiko hata aitwe na nani. Aliusukuma mwiko ule mrefu mpaka ng'ambo ya karai, akauvuta, akausukuma tena.

"Ipi hiyo?"

"Ya jana. Si ndiyo ya wiki jana? Na ya ile wiki ingine?"

"Hebu niondolee," akasema Yeslam. "Jana nimeandika habari za kisima cha hapa Magogoni. Wiki jana harusi yangu. Ya kabla yake ni safari ya marehemu mke wangu kwenda Lamu. Zafanana wapi?"

"Zinafanana zote, mzee. Angalia."

Akaingia, akiinamisha kichwa kuukwepa moshi, akamwekea simu mbele ya uso. Yeslam alitazama kwa jicho moja, lingine likibaki kwenye karai. Akaiona picha yake mwenyewe na kofia yake, na jina lake, na chini yake maneno: Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu, jamaa zangu, marafiki wa karibu na wa mbali, wakubwa kwa wadogo, natumai nyote muwazima wa afya, nyinyi na watoto na wazee wenu... Hapo maneno yalikatika. Palikuwa na nukta tatu na maandishi madogo ya kijivu: Ona zaidi. Nyambura akasukuma kwa kidole gumba. Assalaam aleikum. Ndugu zangu, jamaa zangu. Akasukuma tena. Assalaam aleikum. Ndugu zangu.

"Simu inakata hapo," akasema Nyambura. "Mtu asipobonyeza hapa chini, hiyo ndiyo yote anaona. Mimi nilikuwa nafikiri ni dua. Nasema, huyu mzee wetu kila Alhamisi anatuombea. Naandika amina, napita."

"Amina?"

"Ya roho safi kabisa, mzee."

Yeslam aliendelea kukoroga. Hakukasirika, wallahi. Kilichomjia hakikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyezungumza chumbani mwaka mzima, kisha akageuka akaona hamna mtu.

Kwa asiyemjua, Yeslam ni yule mwenye duka la halua la mlango wa kijani uliochubuka. Duka liko mbele, jiko nyuma, na chumba chake kiko juu ya jiko, kwa hivyo hata matandiko yake yananukia iliki. Babake alipika halua papo hapo. Nyambura ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye kibanda cha kutuma pesa na kuuza vifuniko vya simu. Alikuja kutoka Murang'a akifuata mume wa kazi za bandarini. Mume alishakwenda zake. Yeye kabaki na kibanda, na Kiswahili chake cha huko juu ambacho Yeslam alishachoka kukisahihisha.

Alichotaka Yeslam kilikuwa kimoja tu, na tukiseme mapema tusisumbuane: alitaka mwanawe Zaid amjibu. Neno moja lingetosha. Hata la ubaya.

Zaid yuko Maskati, kwenye bohari la vyakula. Ni mtoto wa pekee. Mwaka juzi, asubuhi, mamake, Mahfoudha, alipofariki, Zaid alipiga simu akilia. "Baba, ningojee. Nimepata ndege ya usiku. Kesho asubuhi niko hapo. Ningojee tu nimwone." Wakati ule nyumba ilikuwa imeshajaa watu, sanda imeshakatwa, na vijana wa mtaa wako makaburini na majembe. Yeslam akasema, "Mamako hatuwezi kumweka, mwanangu. Wajua." Wakamzika baada ya sala ya alasiri. Ndivyo tufanyavyo, na Magogoni nzima hakuna wa kumlaumu. Lakini Zaid hakuwa Magogoni. Jioni alipiga tena, sauti imekauka. "Mushamzika?" Yeslam akasema ndiyo. "Basi nije kuangalia nini?" Akakata.

Tangu hapo nambari ile haipatikani. Yeslam alimwandikia ujumbe kwenye Fesibuku, ukakaa vile vile, haukufunguliwa. Akaandika mwingine, ukakaa juu ya mwenzake. Jambo moja tu lilimtia moyo, nalo ndilo lililomuumiza: kando ya jina la Zaid kulikuwa na kitone cha kijani, na kitone kile kilikuja na kuondoka. Maana yake kijana yu hai, yu macho, simu iko mkononi mwake. Kama mtu anayepita dirishani kwako kila siku bila kugeuza shingo.

Ndipo akaanza kuandika hadharani. Alifikiri hivi: barua ya mtu huweza kutofunguliwa, lakini kinachobandikwa ukutani hupita mbele ya macho hata ya asiyetaka. Kila Alhamisi baada ya alasiri, saa ambayo yeye na Mahfoudha walikuwa wakinywa kahawa, aliketi juu ya gunia la sukari akaandika kwa kidole kimoja. Alitaka kusema jinsi Mahfoudha alivyoondoka. Alitaka kusema neno lake la mwisho. Lakini angeanzaje? Mtu huingia nyumba za watu bila hodi? Yeslam alilelewa na watu wa salamu. Aliwahi kumwona mtu akija kumwambia babake kwamba ghala la jirani lawaka moto, na mtu yule akaanza kwa masalkheri, hamjambo nyote, wazee hawajambo, na babake akaitikia moja moja mpaka mwisho, kisha ndio wakakimbia na ndoo.

Kwa hivyo alisalimu. Alisalimu wakubwa, akasalimu wadogo, akauliza wagonjwa, akawakumbuka waliotangulia. Kisha akaingia kwenye kisima, au harusi, au safari ya Lamu, akazunguka huko weee, na alipolikaribia lile jambo lenyewe kidole kikamchoka. Akaweka "nitaendelea, inshallah," akamaliza kwa salamu nyingine. Na tusimwonee, lakini ukweli ni kwamba salamu zilimfaa. Zikiisha salamu, itakubidi useme.

Nyambura alipoondoka, Yeslam akajiliwaza. Yuko mmoja anisomaye, akawaza. Katana. Kila alichoandika, chini yake kilikaa kidole gumba kimoja cha buluu, na kidole kile kilikuwa cha Katana, aletaye kuni kwa mkokoteni kutoka Mtopanga. Siku ya kuni ilipofika akamtilia kahawa, akamkalisha.

"Katana, ile ya kisima umeionaje?"

"Kisima gani, mzee?"

"Niliyoandika. Ya kisima. Wewe si umeipenda? Umeiwekea kidole."

Katana akaitazama kahawa, kisha akautazama mkokoteni wake kama ungeweza kumsaidia.

"Mzee, nisikudanganye. Mimi nikiona picha yako, nabonyeza. Sisomi. Ni marefu, na miwani sina." Akanywa kidogo. "Lakini mtu mzima amekusalimu, utapita tu kimya? Si lazima uitikie?"

Yeslam akacheka, kwa sababu angefanya nini. Akamwongezea kahawa. Jioni ile hakula.

Nyambura alikuwa na moyo wa huruma, na watu wa huruma hawachoki kutoa mashauri. Kila akija kuomba maji ya kuoshea kikombe, alikuja na neno. "Weka kitu cha kushika watu, mzee. Pale juu kabisa. Kitu mtu hawezi kupita. Huku mtandaoni watu wanatembea haraka, ukisema hujambo wameshafika Changamwe."

"Kitu gani hicho?"

"Wewe ndiye unajua watu wako. Ni nini watu wa huku hawawezi kupita?"

Yeslam akafikiri siku kadhaa. Akafikiri akichuja wanga, akafikiri akipukuchua iliki. Ni nini mtu wa Magogoni hawezi kukipita? Na jibu likaja msikitini, spika ilipokwaruza mara mbili kabla ya sala ikatangaza msiba wa mtu wa Barsheba. Kinyozi wa ng'ambo alisimamisha wembe juu ya kidevu cha mtu. Muuza viazi karai akatoa mwiko kwenye mafuta. Barabara nzima ilinyamaza kusikiliza jina. Yeslam akasema, eh. Kumbe ni hiki.

Na ilikuwa karibu na siku aliyofariki Mahfoudha, kwa hivyo hakuona kama asema uwongo. Alhamisi ile akaandika: Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Msiba umeingia nyumba ya Yeslam wa halua, Magogoni. Kisha, kwenye mistari ya chini, akaeleza kwa utaratibu kwamba ulikuwa ni mwaka juzi, asubuhi ya mvua, na jinsi ulivyoingia. Akatuma. Akapanda juu kulala kidogo.

Kilichomwamsha ni viti. Sauti ya viti vya plastiki vikiburutwa na kupangwa. Akachungulia dirishani. Uani kulijaa. Wanawake walikuwa wametandika mikeka barazani, buibui kwa buibui. Wanaume walisimama makundi makundi na nyuso zimeanguka. Mtu ameshaleta birika kubwa la kahawa. Luqman, yule anayesimamia maziko ya mtaa, alikuwa na kipande cha sanda kwapani akiuliza, "Ufunguo wa mlango wa juu anao nani? Maiti tumshushe kabla ya magharibi."

Yeslam akashuka ngazi na kikoi chake, nywele zimesimama.

Ukelele uliotoka pale haujasikika tena Magogoni. Mwanamke mmoja alianguka juu ya mwenzake. Luqman akarudi nyuma hatua, akasoma aya, akamwendea Yeslam polepole akamshika bega kama anayepima tikiti.

"Yeslam. Wewe ni mzima?"

"Mzima. Kwani?"

"Basi aliyekufa ni nani?"

Luqman akatoa simu yake, akabonyeza pale padogo pa kijivu, akasoma kwa sauti, mbele ya watu wote, mpaka mwisho. Ndiyo mara ya kwanza maandishi ya Yeslam kusomwa mpaka mwisho, na yeye mwenyewe alisimama akiyasikiliza na uso unamwaka. Ilipofika mvua ile ya asubuhi, kina mama wawili watatu walijifuta macho, maana Mahfoudha alipendwa. Lakini wengine walishaanza kunong'ona, na mmoja akasema wazi, "Mzee, sisi tumefunga maduka. Tanzia haichezewi."

"Niwieni radhi," akasema Yeslam. "Nilitaka musome."

Walikunywa kahawa, kwa vile kahawa imeshapikwa. Wakamtolea Mahfoudha fatiha. Wengine wakacheka walipofika njiani, na kicheko kikamrudia. Kwa muda ule mfupi nyumba ilikuwa imejaa, viatu vimetapakaa ngazini, mtu anaita mtu, kikombe kinagonga kikombe, kama siku zile. Kisha viti vikaburutwa tena. Yeslam akabaki akikusanya finjani.

Alipomaliza kuziosha akashika simu. Maandishi yale yalikuwa yamesambazwa na watu hata asiowajua. Pole zilikuwa zimepangana kama matofali, nyingine za watu wa Magogoni waliohamia Dammam, Doha, Maskati. Akatafuta jina moja. Hakuliona. Akaenda kwenye jina lenyewe, na kando yake kitone kilikuwa kijani, kijani kibichi kabisa.

Basi ameona. Asingekosa kuona. Ameona kwamba msiba umeingia nyumba ya babake, na babake ndiye peke yake aliyebaki kwenye nyumba ile. Na hakupiga simu.

Yeslam alilia. Mtu mzima yule, amesimama kwenye beseni la vyombo na finjani mkononi, alilia mpaka akahitaji kukaa. Hakumlilia Mahfoudha siku hiyo. Alijililia mwenyewe, na sijui kama kuna ubaya.

Akayafuta maandishi yale. Alhamisi iliyofuata hakuandika, wala ya pili yake. Nyambura alikuja na kikombe cha chai ya maziwa, ile yao ya kuchemshia pamoja, akakiweka kwenye kaunta.

"Mzee, ni mimi nilikutia kwa hii maneno. Nisamehe."

"Si wewe, mwanangu. Wewe ulinifunza jambo la kweli, nikalichukua kwa mkono wa kushoto." Akaionja chai, ikamshinda kwa tangawizi, akainywa yote kwa adabu.

Siku zikaenda. Asubuhi moja akaingia mwanamke aitwaye Fairuz, mtu wa Mtopanga, anaoza binti. Alikuja na haraka zake na orodha zake za harusi. Alipokanyaga tu kizingiti, kabla hajasema lolote, Yeslam alishachukua kisu, akakata kipande kwenye sinia, akakiweka kwenye kiganja chake. Fairuz akatia mdomoni. Akafumba macho. Haraka yote ikamtoka, akasimama tu, akitafuna polepole.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo ya harusi yangu mwenyewe. Nilikuwa nishaisahau." Kisha ndio akafungua macho, akaona aibu kidogo, akasema, "Sabalkheri, bwana. Samahani, hata sijakusalimu."

Wakasalimiana. Wakaulizana nyumba zote mbili, wazee, wagonjwa, safari, mvua. Iliwachukua muda mzuri, maana wote wawili ni watu wa hapa. Fairuz akaagiza halua ya Jumamosi akaenda zake.

Yeslam akabaki na kisu mkononi. Akakitazama kisu. Miaka yote ile ya kusimama nyuma ya kaunta, hajapata kumsalimu mteja kwanza. Onjo kwanza, salamu baadaye. Babake alifanya hivyo, naye akafanya, mkono unakwenda wenyewe, hakuna siku kichwa kiliulizwa. "Ajabu," akasema peke yake dukani. Akakiosha kisu.

Siku hiyo alipika karai dogo la dukani. Halua ilipoachana na kingo na samli kupanda juu, aliimimina kwenye masinia, kisha akachukua kikwaruzo akakalia kigoda kukwaruza chini ya karai. Pale chini hubaki ukoko, ule uliogandia ukakolea rangi, mgumu kidogo, mtamu kuliko halua yenyewe. Ukoko huo hauuzwi. Ni wa Zaid. Tangu Zaid hajaota meno yote, ukoko wa kila karai ni wake, na Mahfoudha aliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki. Zaid akiwa shule, aliwekewa. Zaid alipokwenda Maskati, aliwekewa, na kila mtu wa kule aliyekuja likizo alirudi na kopo. Na Yeslam, baada ya yote yaliyotokea, hajaacha hata mara moja. Hakuna aliyemwambia aendelee. Hakuna msafiri aliyekuja kuuliza. Yeye alikwaruza, akafunga kifuniko, akarudisha kopo rafuni.

Siku ile kifuniko kilikataa kufunga. Kopo lilijaa. Akatafuta jingine, akaliosha, akalikausha juani, akaanza upya. Kisha, ingawa haikuwa Alhamisi na mikono ilikuwa inanata, akaketi kwenye gunia la sukari akaandika:

Zaid, ukoko wako nimekuwekea. Asubuhi ile mamako aliniuliza neno moja tu, Zaid umemuwekea ukoko? Nikamwambia nimemuwekea. Hakusema tena. Kopo la kwanza limejaa, sasa ni la pili.

Akasoma. Yakamtia haya. Yalikuwa maneno yaliyosimama uchi barabarani, hayana salamu, hayana jamaa wala marafiki. Kidole kilipanda juu chenyewe, kikaandika Assa. Kikasimama. Yeslam akavuta pumzi, akafuta herufi zile moja moja, a ya mwisho, kisha s, kisha s, kisha A. Akatuma kabla hajajishauri.

Nyambura alikuja mbio hata kibanda hakufunga, macho mekundu. "Mzee. Hii sikupita." Akashika shavu, akarudi kibandani kwake.

Siku ya kuni Katana aliegesha mkokoteni, lakini hakushusha kuni. Aliingia dukani akitazama rafu.

"Mzee, hilo kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La kijana."

Yeslam akalishusha. Katana akalishika kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalirudisha bila kulifungua. "Mimi mamangu alikuwa ananiwekea kichwa cha samaki," akasema. Akatoka kwenda kushusha kuni.

Watu waliandika chini ya maneno yale, wengi, wasiojulikana. Mmoja mkate wa kumimina, mwingine nyama ya mfupa, mwingine wali wa jana uliokaangwa. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemuwekea kitu. Yeslam aliwasoma wote na akawajibu wote kwa adabu, lakini alikuwa akitafuta jina moja. Kitone cha kijani kilikuja, kikaondoka. Kikaja, kikaondoka. Akaanza kujizoesha. Akajiambia, nimesema. Nilichokuwa nacho nimekisema. Asiposoma, basi.

Jumamosi aliwasha moto mapema kwa ajili ya harusi ya binti wa Fairuz. Karai kubwa, lile la shaba la babake, ambalo likishatiwa wanga halikuachii nafasi hata ya kujikuna. Sukari ilichemka, zafarani ikatoa rangi. Akamimina wanga, akaanza kukoroga. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, kusukuma na kuvuta. Wanga ukaanza kushikana. Akafika pale pabaya.

Simu ikatetemeka rafuni, kando ya bati la samli.

Hakuiangalia. Itakuwa Katana na kidole chake. Akasukuma, akavuta. Ikatetemeka tena, ikasogea kidogo, ikagonga bati. Yeslam akarefusha shingo. Kioo kilikuwa kimewaka, na moshi ukipungua maandishi yalisomeka.

Lilikuwa jina la Zaid. Na chini ya jina:

Shikamoo, Baba.

Hakukuwa na jingine. Hakukuwa na nukta tatu, wala maandishi ya kijivu ya kubonyeza. Yeslam alisalimu dunia nzima kwa mwaka mzima, kwa kila salamu aliyofundishwa, na hii hakuwahi kuiandika hata mara moja, kwa sababu si yake kuitoa. Hii hungoja uletewe.

Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye mwiko, ukikoroga wenyewe. Aliunyosha wa kushoto, akaichukua simu, akajaribu kuandika kwa gumba la kushoto, gumba likateleza kwa samli. Halua ikavuta mwiko. Ilikuwa nzito sasa, yataka mikono miwili. Harusi nzima ilikuwa ndani ya karai lile.

Yeslam akauachia mwiko.

Uliinama polepole ukalala ukingoni. Akajifuta vidole kwenye kikoi, kimoja kimoja, kwa makini. Akaandika M. Akaandika a. Machozi yalimzuia kuona herufi, akazitafuta kwa kubahatisha, r, a, h. Nyuma yake kukaja harufu ya sukari inayoanza kushika chini.

"Mzee!" Nyambura akapiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Mzee Yeslam! Kitu kinaungua huko!"

"Naijua," akaitikia Yeslam, bila kugeuka. "Iache ishike kidogo."

Akatuma. Na chini ya neno lake, kwenye kioo, vitone vitatu vidogo vikaanza kuruka, kimoja baada ya kingine. Zaid alikuwa bado anaandika.